Mgeni Asiyesema Haja Yake

Naikumbuka vizuri asubuhi niliyotoka Nakuru kwa baiskeli kuja Isiolo, mwanangu, kwa sababu majirani wote walitoka nje kunicheka. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, haina gia hata moja, na kiti chake kilikuwa kigumu kuliko moyo wa mwenye nyumba wangu. Kwenye karia nilifunga blanketi, sufuria ndogo, pampu na viraka vya tyubu. Juu ya vyote nikaweka kamba mpya ya katani, nimeiviringa vizuri, kwa kuwa fundi mmoja wa baiskeli aliniambia msafiri wa mbali hakosi kamba. Nikamwamini. Nilikuwa kijana, na kijana huamini kila mtu isipokuwa mzazi wake.

Nimesikia kwa mama yako kwamba na wewe unajiandaa kupanda kaskazini mpaka Moyale, peke yako, ukilala kwa marafiki uliosoma nao. Nimeiona baiskeli yako. Ina gia nyingi kuliko meno yangu, na una simu ya kukuonyesha njia. Sikukatazi. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ila wahenga hao hao walisema mtembezi hula miguu yake, kwa hiyo usiniulize lipi ni lipi. Kaa hapa kidogo nikueleze yaliyonipata, kwa sababu simu yako haiyajui.

Mimi nilikulia hapa Isiolo, ingawa kwetu si hapa. Baba alikuwa dereva wa greda za barabara, akaletwa huku na kazi, nami nikasoma shule ya bweni pamoja na watoto wa wafugaji. Rafiki zangu walikuwa watatu. Halake alikuwa Mborana, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo hapa mjini. Saidimu alikuwa Msamburu wa Leparua. Ekiru alikuwa Mturkana wa Ngaremara. Tulikula sahani moja, tukachapwa pamoja, tukalia pamoja na kuchekana baadaye. Wao walikuwa wakizungumza habari za ng'ombe na mbuzi mpaka usingizi unichukue. Nyumbani kwetu mnyama pekee alikuwa paka, na hata huyo alikuwa wa jirani.

Tulipomaliza shule baba akahamishiwa Nakuru, nami nikamfuata, nikapata kazi. Miaka ikapita. Ukame ukapiga huku kaskazini, mifugo ikafa. Niliusikia kwenye redio, nikasema pole, nikaendelea kunywa chai yangu. Kusikia ukame ukiwa Nakuru, mahali mvua inakulowesha ukitoka kazini, si kusikia. Nilipopata likizo nikawakumbuka wenzangu, nikataka kuwaona, basi. Hakuna kingine kilichonitoa kwangu. Na nakwambia kwa ukweli, kwa safari hiyo ya mapenzi matupu nilikaribia kuwapoteza wote watatu, na nilikuwa sielewi kwa nini.

Njia yenyewe sitakuchosha nayo. Nyahururu nilitetemeka kwa baridi, Nanyuki nikanyeshewa. Lakini ukishaushika ule mteremko wa kuja Isiolo, mwanangu, baridi inabaki juu mlimani na joto linakupokea usoni. Niliachilia kanyagio, nikaimba peke yangu, na breki zikanuka mpira wa kuungua.

Mjini nikashuka kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chai karibu na soko la mifugo. Watu wakaja kuitazama baiskeli. Mama chai akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nakuru.

"Na baiskeli? Wewe nakuja kufanya nini?"

"Natembelea marafiki. Kuna mmoja hapa, mwingine Leparua, mwingine Ngaremara."

Akaiangalia karia yangu. "Bibi iko?"

"Bado, mama."

Wazee waliokuwa kwenye benchi wakatazamana, wakacheka kwa wema, na mmoja akanishika bega akaniambia Mungu atanisaidia, nisiogope, hata yeye alianza hivyo hivyo. Nikamshukuru. Sikujua ninamshukuru kwa nini. Nilidhani ananiombea magurudumu.

Halake nilimkuta kwao. Tukasalimiana salaam aleikum mara nyingi, tukakumbatiana, mkewe akaleta chai ya maziwa ya ngamia, tamu, yenye harufu ya moshi. Tulizungumza mpaka sauti zikakauka. Lakini niliona kila nikinyamaza kidogo, yeye naye hunyamaza, akinitazama, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Nami nilikuwa nimeshamaliza.

Asubuhi yake akanitoa nje. Pale mlangoni palifungwa mbuzi jike, mweupe kichwani, mnene, wa kupendeza.

"Hii ni yako," Halake akasema.

Nikacheka. Nikamwambia, "Halake, nitaifanyia nini? Niibebe mgongoni mpaka Nakuru? Hapana, kaa na mbuzi yako, mimi nimeshiba."

Hakucheka. Alisema "sawa", neno moja, akamfungua mbuzi, akaingia ndani. Nilifunga mizigo yangu polepole nikingoja atoke tuagane. Aliyetoka ni mkewe, akanitakia safari njema huku akitazama chini. Nikaondoka nikijiuliza nimekosa nini. Chai niliimaliza. Watoto nilisalimu. Nikawaza labda nilisema neno baya juu ya baba yake. Nikayarudia mazungumzo yote kichwani mpaka nikapita njia ya kwenda Leparua ikabidi nigeuze.

Leparua ilikuwa mbaya zaidi. Njia ni ya vumbi na mawe, tyubu ikapasuka, nikaziba, ikapasuka tena. Nilipofika kwa Saidimu nilimkuta mkewe peke yake mbele ya nyumba. Mkewe aliniangalia mimi, akaiangalia karia, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Akasema mumewe ameenda mbali na ng'ombe, hajui atarudi lini.

Sasa sikiliza. Mimi si mfugaji, lakini macho ninayo. Boma la ng'ombe lilikuwa kavu, samadi ya zamani imegeuka unga. Viatu vya mwanamume, vile vya tairi, vilikuwa mlangoni. Na ndani ya nyumba mtu alikohoa. Kikohozi kile nilikijua! Nililala kitanda cha chini yake miaka yote ya shule. Saidimu alikuwa ndani, hatua chache kutoka kwangu, na alikuwa amejificha.

Nilikaa kwenye kivuli cha mgunga uliokuwa nje ya ua nikingoja. Nilisema kwa sauti kwamba nitapumzika kidogo, ili anisikie. Nikapiga mluzi wa shuleni. Hakutoka. Jua lilipoanza kuinama nikaaga, mke wa Saidimu akaitikia kwa aibu kubwa, nami nikaondoka na uchungu ambao sikuwahi kuusikia. Kuchukiwa na mtu usiyempenda si kitu. Lakini Saidimu! Nilimlaani njia nzima, kisha nikajilaani, kisha nikailaani baiskeli, ambayo haikuwa na kosa.

Kesho yake nikapita Isiolo bila kusimama kwa Halake, nikaelekea Ngaremara. Nilishaamua kwamba nikimwona Ekiru nitamsalimu tu na kurudi Nakuru nikalale.

Ekiru hakujificha. Alinipokea barabarani penye wauza makaa, akacheka, akaisukuma baiskeli yeye mwenyewe mpaka kwake. Alikuwa amekonda sana. Kwake nilimkuta mkewe na mtoto mchanga, na mama yake, kikongwe mwenye shanga nyingi shingoni, ambaye watu wote pale walimwita Ata, yaani nyanya. Wakanipa uji. Nikaona Ekiru na mkewe wakinong'onezana nyuma ya nyumba, mkewe akajifuta macho. Nikaona Ekiru akienda kwenye zizi. Mbuzi walikuwa wachache, mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa mbali. Akatoka akimvuta mmoja, na huyo mmoja ndiye pekee aliyekuwa na chuchu zilizojaa.

"Rafiki yangu," akasema, "ukame ilimaliza sisi. Lakini wewe si mtu ya kurudi mkono mitupu. Chukua hii."

Mtoto akalia mgongoni kwa mama yake. Sikuhitaji kuwa mfugaji kujua maziwa ya mtoto yule yanatoka wapi.

Nikaruka kama niliyeumwa na siafu. "Ekiru, hapana! Kabisa! Siwezi kuchukua! Mimi sitaki kitu chako!"

Nilidhani nimesema neno jema kuliko yote ya maisha yangu. Lakini uso wa Ekiru ulikunjamana. Alisimama ameshika mbuzi, hajui amrudishe au amwache, na mkewe analia, na hata mkewe sikujua analilia nini, mbuzi kutoka au mbuzi kukataliwa. Kichwa changu kilivurugika, mwanangu. Watu wanaonipenda wananipa vitu, nikikataa wananuna. Mwingine ananikimbia kabla sijasema lolote. Nikaanza kufikiri labda kuna ugonjwa usoni kwangu ambao kila mtu anauona ila mimi.

Ndipo Ata akaniita nikae chini mbele yake. Aliongea Kiswahili chake cha kuokota sokoni, polepole, na alinikaripia kama aliyenizaa.

"Wewe mdomo iko?"

"Iko, Ata."

"Nani uliambia kitu imekuleta?"

"Nimewaambia wote. Nimekuja kuwaona."

"Kuona!" Akapiga goti lake. "Kijana mzima, hana bibi, anatoka mbali, anaenda kwa rafiki huyu, anaenda kwa rafiki ile, peke yake. Hana mbuzi ya kuuza, hana sukari, hana tumbako. Na kamba amebeba! Kamba mpya! Hapa kwetu mtu kama hiyo anatafuta nini?"

Nikageuka nikaitazama kamba yangu. Bado sikuelewa, nikamwambia hivyo.

"Anatafuta mahari," Ata akasema. "Anaomba mifugo kwa marafiki ndio aoe. Hiyo ni haki yake. Hasemi, hatuulizi, ni heshima. Tunaangalia kamba, tunajua. Mama ya chai alijua. Soko yote ilijua. Lori ilileta hii habari hapa mbele yako."

Mwanangu, damu yote ilinipanda masikioni. Kumbe nilikuwa nimezunguka Isiolo nzima nikiomba mahari bila kufungua mdomo. Kumbe Halake alinipa mbuzi mwenye mimba kwa furaha ya kunisaidia kuoa, nami nikamcheka mlangoni kwake. Na Saidimu, ambaye boma lake lilikuwa unga mtupu, alisikia rafiki yake anakuja na kamba, akaona ni heri aitwe mtoro kuliko aseme kwa mdomo wake kwamba hana hata mbuzi wa kunifungia. Nilifunika uso. Nilitaka kulia na kucheka, sikujua nianze na lipi.

Nilipopata sauti nikasema basi nimweleze Ekiru ukweli, amrudishe mbuzi zizini, mambo yaishe.

"Umemkataa mbele ya bibi yake na mama yake," Ata akasema. "Umemwambia yeye si mtu tena, ukame imekula mpaka mkono yake. Hiyo huwezi kurudisha na maneno."

"Na nikichukua, mtoto anywe nini?"

Akatabasamu na meno yake machache. "Chukua. Ikishakuwa yako, ni yako. Mbuzi yako italala wapi, nani atakuuliza?"

Hapo ndipo mwanga uliponijia, tena kidogo tu. Nikainuka, nikaenda kwa Ekiru, nikapokea ile kamba ya ngozi mkononi mwake kwa mikono miwili. Nikamwambia asante, nimepokea, na mbuzi huyu ni wangu. Kisha nikamwambia kwamba mimi Nakuru nakaa chumba kimoja, mwenye nyumba hataki hata kuku, kwa hiyo namwomba yeye, rafiki yangu, anichungie mbuzi wangu, na maziwa ni ya mchungaji kama ilivyo desturi.

Ekiru alimwangalia mama yake. Mama yake alikuwa ameangalia mlima. Kisha Ekiru akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Hiyo mahari yako ni ndogo sana, utaoa nani?" Mkewe akaja akamchukua mbuzi kukamua, na mtoto akanyamaza. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakutuambia kwamba kupokea nako ni moyo, na mimi moyo huo sikuwa nao mpaka siku hiyo.

Nilipoaga, Ata alinisindikiza hatua chache. Nikamuuliza nitafanyaje na yule wa Leparua, ambaye hana hata mbuzi wa kunipa nikamwachia. Hakusita.

"Mwombe kitu ukame haiwezi kula," akasema, akarudi zake. Hakunieleza ni kitu gani, na mimi niliogopa kuuliza tena.

Kwa Halake ilikuwa rahisi. Nilibisha hodi, nikasema hapo hapo mlangoni, kabla ya salamu kukauka, kwamba nimekuja kumwomba radhi, na kwamba sikujua. Akaniuliza kwa hasira kama naoa au sioi. Nikasema sioi. Akasema basi nimemwaibisha bure mbele ya mkewe, akaniita mpumbavu wa Nakuru, akaita chai. Mpaka leo sijui kwa nini hakuniuliza siku ile ya kwanza. Nimemuuliza mara nyingi, naye hunijibu kwamba mtu mwenye akili haulizwi.

Kamba nikaiacha kwa Halake, na kesho yake nikarudi Leparua. Njia nzima nilitafuta kitu ambacho ukame hauwezi kula. Maziwa umekula. Ng'ombe umekula. Maji nusura uyamalize. Nilifikiria nyimbo, nikafikiria hadithi za shule, nikaona yote ni upuuzi kwa mtu aliyejifungia ndani. Nilifika kwenye ua wa Saidimu bado sijui nitaomba nini. Mkewe akasimama. Akasema yale yale, mume yuko mbali na ng'ombe.

Na kule nyuma, kwenye vichaka, nikasikia tawi likivunjika, kubwa, kisha jingine. Ndovu. Kundi zima lilikuwa linavuka njia ile ile niliyopita. Nakwambia ukweli, niliogopa, si kwa kujifanya. Nikaiangusha baiskeli, nikapiga kelele nikiielekea nyumba:

"Saidimu! Sioi! Sikuja kuomba mnyama! Nimekuja kukuomba unisindikize mpaka barabara kubwa, kuna ndovu na mimi ni mwoga, unanijua!"

Mkewe alitazama chini. Kisha nikasikia kikohozi, na Saidimu akatoka. Aliinama mlangoni, akavaa viatu vyake vya tairi bila haraka, akachukua mkuki wake. Alikuwa mwembamba mpaka nikamwonea huruma, lakini nilijizuia kuionyesha. Hakunisalimu. Alisikiliza vichaka, akanusa upepo, akasema, "Si huku. Tutazunguka." Akaiinua baiskeli yangu, akaisukuma mbele, nami nikamfuata.

Tulitembea muda mrefu. Ndipo akasema, bila kugeuka, "Walikufa wote." Nikamwambia, "Nimeona." Akasema, "Ulikaa pale nje mpaka jua ikainama. Mimi nilikuwa ndani." Nikamwambia, "Nilisikia ukikohoa." Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa shuka lake. Tulifika barabara kubwa, nikanyoosha mkono niichukue baiskeli, hakunipa. Alinisindikiza mpaka mjini, mpaka mlangoni kwa Halake, na usiku ule tulilala watatu kwenye mkeka mmoja.

Basi, mwanangu, nikuambie niliyoyaokota. Ukifika kwa mtu, haja yako itangulie kabla hujakaa. Usidhani kwa kuwa moyo wako ni mweupe watu wanauona. Wanaona mikono yako na ulichobeba. Wakikupa, pokea, hata kama utaacha pale pale. Mkono unaokataa huumiza kuliko mkono unaoomba. Na rafiki aliyeanguka usimwendee kama mtazamaji, wala usimwendee na huruma mkononi. Mwendee na shida yako, shida ya kweli, ile anayoiweza. Usiponielewa sasa usijali, mimi mwenyewe nilielewa nikiwa nimeiangusha baiskeli na ndovu wako nyuma yangu, na hata hapo nusu tu.

Nenda salama. Mungu akulainishie barabara, aiondoe miiba mbele ya tairi zako, na upepo wa Marsabit ukusukume badala ya kukuzuia. Na kila ua utakaosimama nje yake ukaita jina, atoke mtu.